Muulizeni Kabla Hajakaa Kitini: Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Afrika katika Benki ya Dunia

Waheshimiwa Wakurugenzi Watendaji mnaokalia viti vitatu vya Afrika Kusini mwa Sahara,
Bodi ya Benki ya Dunia,
Washington.

Waheshimiwa,



Najua barua hii inawafikia mapema. Muhula wa Rais wa sasa wa Benki, Ajay Banga, ulianza tarehe 2 Juni 2023 na ni wa miaka 5. Kiti hakiko wazi leo, na kitakapokuwa wazi huenda wengi wenu mtakuwa mmekwisha kurudi nyumbani, kwa kuwa muhula wenu ni wa miaka 2. Kiti cha kundi la kwanza, ambamo zimo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kinazunguka kati ya nchi zaidi ya 20. Ndiyo maana naandika sasa, barua ikae kwenye faili la ofisi na atakayewapokea aikute. Jina likishatangazwa, nafasi ya kuandikiana barua huwa haipo tena. Mwaka 2023 dirisha la kupokea majina lilifunguliwa tarehe 23 Februari, na siku hiyohiyo Rais wa Marekani akamtaja mtu wake. Dirisha likafungwa mwishoni mwa Machi likiwa na jina hilo moja tu. Kabla halijafungwa, Kenya ilikuwa imekwisha kutangaza hadharani kwamba inamuunga mkono.

Sina ugomvi na Banga. Alianzia ziara yake ya kujinadi Abidjan, kisha Nairobi, na hilo peke yake lilikuwa heshima ambayo waliomtangulia wengi hawakuona haja ya kututolea. Nataka kuzungumza juu ya mteule wa aina nyingine: yule anayetolewa moja kwa moja kwenye siasa za kwao, jina lake tayari limegawa watu, akapewa benki ya maendeleo kama zawadi au kama silaha. Amewahi kuja, na atakuja tena.

Turudi Machi 2005. James Wolfensohn alikuwa anamalizia mwaka wake wa 10 kwenye kiti. Tarehe 16 mwezi huo George W. Bush akamtaja Paul Wolfowitz, Naibu Waziri wa Ulinzi, mmoja wa watu walioisukuma Marekani kuivamia Irak miaka 2 kabla. Ulaya ikanung'unika. Asasi za kiraia zikapiga kelele. Mteule mwenyewe akashika simu, akazungumza hata na Bono, yule mwanamuziki wa Ireland, kumhakikishia kwamba maskini wako moyoni mwake. Tarehe 30 alikuwa Brussels kuonana na mawaziri wa Ulaya. Tarehe 31 Bodi ikampitisha kwa kauli moja.

Siku 15 tu, na Afrika ilikuwemo kwenye kauli hiyo moja. Wakati ule tulikuwa na viti 2 tu. Cha tatu kilikuja 2010.

Mabishano ya siku zile yalihusu uhalali wa vita, na yalistahili kuwapo. Lakini kulikuwa na swali jingine, la kibenki kabisa, ambalo halikuhitaji mtu awe na msimamo wowote juu ya Saddam Hussein. Tarehe 27 Machi 2003, vita ikiwa na wiki moja tu, Wolfowitz aliiambia kamati ya Bunge la Marekani kwamba mafuta ya Irak yangeweza kuingiza kati ya dola bilioni 50 na bilioni 100 ndani ya miaka 2 au 3, na kwamba nchi ile ingeweza kujigharimia ujenzi wake, tena baada ya muda si mrefu. Mwezi mmoja kabla, Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, alikuwa amesema Irak ingehitaji askari laki kadhaa baada ya vita. Wolfowitz akayatupa makadirio hayo akisema yamepotoka kabisa. Ilipofika Novemba mwaka huohuo, Bunge lilelile lilikuwa limetenga dola bilioni 18.4 za walipa kodi wa Marekani kwa ujenzi wa Irak.

Waheshimiwa, kazi yenu ya kila wiki ni kusoma makadirio. Mnaletewa kitabu cha mradi: gharama yake, faida yake, hatari zake, nani atalipa mapato yakipungua. Mtaalamu wa mradi wa maji akiwaletea hesabu zilizopishana na ukweli kiasi kile, mtamrudisha na faili lake, na mradi unaofuata hatapewa. Huyu alipewa Benki nzima. Kama swali la mafuta ya Irak liliulizwa kwenye ukumbi wenu, basi liliulizwa faragha, na wananchi wa nchi mnazoziwakilisha hawakusikia jibu.

Walichosikia, miaka 2 baadaye, ni habari ya mshahara. Mwenzi wa Wolfowitz alikuwa mfanyakazi wa Benki. Bwana alipoingia ikabidi bibi ahamishwe, maana kanuni haziruhusu mtu kumsimamia mpenzi wake kazini. Akaazimwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huku Benki ikiendelea kumlipa, na Rais mwenyewe akaelekeza masharti: mshahara ukapanda kutoka dola 132,660 hadi kufikia 193,590 kwa mwaka, ukaupita hata wa Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule. Aprili 2007 habari zikavuja. Wolfowitz akaomba radhi, wafanyakazi wakamzomea ndani ya jengo lao, kamati ya Bodi ikachunguza na kusema kanuni zimevunjwa. Tarehe 17 Mei akatangaza kuondoka, na 30 Juni akatoka. Kwa haki yake niseme: tamko la mwisho la Bodi lilikubali maelezo yake kwamba alitenda kwa nia njema.

Mpangilio huo ndio unaonikera. Vita ilipita mlangoni bila kupekuliwa, ukaja kukamatwa mshahara wa mtu mmoja. Bodi ambayo haikumuuliza mteule swali gumu hadharani Machi 2005 ilitumia sehemu kubwa ya Aprili na Mei 2007 ikipekua barua za idara ya utumishi, na kazi za wakopaji zikasubiri.

Kuna kisa kidogo cha pembeni. Januari 2007 Wolfowitz alitembelea msikiti mmoja wa kale huko Edirne, Uturuki. Akavua viatu, na wapiga picha wakaona soksi zote mbili zimetoboka, vidole vinachungulia. Picha ile ilizunguka dunia kuliko hotuba yoyote aliyoitoa kuhusu rushwa. Kwa soksi sina neno. Sisi tunaovua viatu msikitini tunajua tundu halimwogopi tajiri. Ila ilinifundisha jinsi dunia inavyopenda kumhukumu kiongozi kwa jambo dogo linaloonekana, pale ambapo kubwa limeshindikana kusemwa.

Nisimnyime haki yake. Katika kipindi chake, kuanzia Julai 2006, Benki ilifuta madeni ya nchi kadhaa maskini kwa mpango uliokubaliwa na mataifa tajiri huko Gleneagles, Scotland, mwaka 2005. Tanzania, Uganda na Rwanda zilinufaika. Kenya haikuwemo kwa kuwa haikuhesabiwa miongoni mwa nchi zilizolemewa na madeni kiasi hicho. Safari yake ya kwanza akiwa Rais ilikuwa ya Afrika. Na alipokuwa anaondoshwa, baadhi ya mawaziri wa fedha wa Afrika walijitokeza kumtetea. Sidhani kwamba walihongwa wala kwamba walikuwa wajinga. Walikuwa wameona pesa ikija kwao, wakasema walichokiona.

Rushwa nayo aliipigia kelele kwelikweli. Alizuia au kuchelewesha mikopo ya Chad kwa ajili ya sheria ya mapato ya mafuta, ya India katika sekta ya afya, ya Kenya wakati kashfa ya rushwa ya Anglo Leasing imepamba moto na ripoti ya John Githongo, aliyeifichua, iko mikononi mwa magazeti. Wakenya wengi wakati ule walishangilia, na mimi nawaelewa. Tatizo ni kwamba mtu aliyeingia kwa mlango wa siasa hata akifanya jema huulizwa amelifanya kwa maslahi ya nani. Benki ilipoisimamishia mikopo Uzbekistan baada ya nchi hiyo kuifukuza kambi ya jeshi la Marekani, wakosoaji walisema wazi kwamba hapo rushwa ilikuwa kisingizio. Labda walikosea. Lakini Benki haikuwa na namna ya kujitetea ikaaminika, kwa sababu aliyekuwa anaitetea alikuwa ametoka Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, jana. Mkataba wa kuundwa kwa Benki unaikataza Benki yenyewe na maofisa wake kuingilia siasa za nchi mwanachama, na unakataza maamuzi yake kufuata rangi ya kisiasa ya serikali. Ukimweka kileleni mtu ambaye rangi yake inajulikana hadi mitaani, kifungu hicho unakiacha kinaning'inia.

Mtasema: hilo limepita, tumejifunza. Tazameni basi jirani yenu wa hapohapo Washington, Benki ya Maendeleo ya Amerika, ile inayoitwa IDB. Tangu ilipoanzishwa 1959, Rais wake alikuwa mtu wa Amerika ya Kilatini, kwa desturi tu, bila kifungu. Juni 2020 serikali ya Donald Trump ikamtaja Mauricio Claver-Carone, mshauri wa Ikulu ya Marekani aliyejulikana kwa msimamo mkali dhidi ya Cuba na Venezuela. Argentina, Chile, Mexico na Costa Rica zikaomba uchaguzi uahirishwe hadi mwaka 2021: kulikuwa na korona, na Marekani yenyewe ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi Novemba. Mwanadiplomasia mkuu wa Umoja wa Ulaya, Josep Borrell, naye akaomba hivyohivyo. Haikusaidia. Wagombea wengine wakajitoa mmojammoja, na tarehe 12 Septemba 2020 Claver-Carone akachaguliwa akiwa peke yake. Nchi 16 zilijizuia kupiga kura.

Tarehe 26 Septemba 2022 magavana wa benki hiyo walimfukuza. Kwa lipi? Kwa uchunguzi uliosema kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na msaidizi wake na kumpandishia mshahara. Yeye alikanusha. Uchunguzi haukuhusu Cuba wala desturi ya miaka 60 iliyovunjwa, wala swali lolote kati ya yale ambayo nchi 16 zilikuwa nayo moyoni siku ile zilipojizuia. Ni mshahara wa mpenzi tena, na tena ni miaka 2. Mtunzi wa riwaya angerudia kisa namna hii, mhariri angemrudishia mswada.

Kwetu, posa ikiletwa, wazee hawamjibu mshenga palepale, hata kama kijana ni mtoto wa mwenye mji. Watu hutumwa kwenda kuuliza: anadaiwa na nani, aliachana vipi na wa kwanza, akikasirika huwaje. Wanaojibu ndiyo kwa haraka kwa kuogopa kumuudhi mwenye mji ndio wanaokuja kukaa vikao vya usuluhishi usiku kucha, wakibishana juu ya kofi moja, kumbe tabia ilijulikana mtaa mzima tangu mwanzo. Ninachowaomba hakizidi hicho: tumeni watu wakaulize.

Najua hoja mtakayoletewa. Mtakumbushwa Robert McNamara, naye alitoka Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1968 akiwa na Vietnam mgongoni, na bado akaigeuza Benki iwatazame maskini. Hoja hiyo ilitumika sana kumtetea Wolfowitz. Na sisi wa Afrika Mashariki ndio tunaopaswa kuijibu, kwa sababu ushahidi wake mkubwa ulitolewa kwetu. Septemba 1973 mkutano mkuu wa mwaka wa Benki ulifanyika Nairobi, katika jengo la Kenyatta lililokuwa bado linanukia rangi, na hapo McNamara akatoa hotuba yake kuhusu umaskini wa kupindukia, akaahidi mikopo kwa wakulima wadogo. Pesa kwa ajili ya vijiji ziliongezeka kweli, na Tanzania ya Nyerere ilikuwa miongoni mwa waliokopeshwa kwa wingi.

Lakini soma kitabu hadi mwisho. Ni McNamara huyohuyo ambaye mwaka 1980, karibu na kuondoka, alianzisha mikopo ya marekebisho ya uchumi, ile yenye masharti ambayo kila aliyekuwa mtu mzima miaka ya 80 anaikumbuka kwa ada za shule na hospitali. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Kwa hiyo McNamara haonyeshi kwamba mteule wa kisiasa hana madhara. Anaonyesha kwamba fikra za mtu mmoja kileleni mwa Benki hiyo zinaweza kuzigeuza nchi zetu mara mbili ndani ya muongo mmoja, kulia kisha kushoto. Mtu mwenye nguvu hiyo anahojiwa kwa siku 15?

Nguvu yenyewe haimo kwenye kura, maana Rais wa Benki hapigi kura katika Bodi yenu isipokuwa mmegawanyika nusu kwa nusu. Imo kwenye kile kinacholetwa mezani. Rais ndiye anayeongoza watumishi, ndiye anayepanga kipi kiandaliwe na kipi kiachwe kwenye droo, na ninyi mnajua kuliko mimi jinsi ilivyo nadra kwa Bodi kuukataa mkopo ambao menejimenti imekwisha kuuleta. Januari 2025 marais wa Afrika walikutana hapa Dar es Salaam kwa mkutano wa nishati, kwa sababu Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zimeamua kuwaunganishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Ni jambo jema. Juni mwaka huohuo Bodi yenu ikaondoa zuio la muda mrefu la kugharimia nguvu za nyuklia. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na mkono wa aliye kileleni, na pia wa serikali iliyomweka.

Na linapokwenda kombo, linatukuta sisi. Mfano mmoja unatosha, nao uko hapahapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kukabidhi maji ya Dar es Salaam kwa mwendeshaji binafsi kulikuwa miongoni mwa masharti ya Tanzania kusamehewa madeni, na Benki ya Dunia ilikuwa mkopeshaji katika mradi wenyewe. Kampuni ya City Water, ya Waingereza na Wajerumani pamoja na mbia wa hapa, ikaanza kazi Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Hata miaka 2 haikufika. Mei 2005 Serikali ikatangaza kuuvunja, ikisema kampuni imeshindwa. Kampuni ikabisha, kesi ikaenda hadi kwenye baraza la usuluhishi la uwekezaji, tawi la Benki hiyohiyo, ambalo mwaka 2008 lilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji lakini halikuiamuru kulipa fidia. Tarehe 1 Juni 2005 mameneja wa kigeni wa kampuni walisindikizwa uwanja wa ndege. Siku hiyohiyo, Washington, Wolfowitz alikuwa anaingia ofisini kwa mara ya kwanza.

Tarehe zimegongana tu, simtwishi yeye mzigo wa City Water. Sera ile ilikuwa ya waliomtangulia. Ninachosema ni kwamba haikutungwa Ilala, na mama wa Tandale aliyekuwa ananunua maji kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni, kabla ya City Water na baada yake, hakuwahi kumsikia mtu yeyote akimuuliza Rais yeyote wa Benki hiyo, kabla hajachaguliwa, anaamini nini kuhusu maji.

Sasa tuzungumze la woga, kwa sababu ndilo hasa. Mnaogopa, na hamko peke yenu. Mawaziri waliowateua wanaogopa pia. Mfuko wa mikopo nafuu, IDA, unajazwa na michango ya nchi tajiri kila baada ya miaka 3. Desemba 2024 huko Seoul ziliahidiwa dola bilioni 23.7, ili mfuko uweze kukopesha na kutoa ruzuku ya jumla ya bilioni 100, na sehemu kubwa inakuja Afrika. Anayeahidi ndiye anayetaja Rais. Nani atakayenyanyua mkono kumuuliza mtu wa mfadhili habari za makadirio yake ya zamani, kisha arudi kesho kuomba barabara?

Naelewa. Ila mwaka 2018 Benki iliuzuia mkopo wa dola milioni 300 kwa elimu ya Tanzania, sababu kubwa ikiwa agizo la kuwazuia wasichana waliopata mimba kurudi shuleni. Januari 2020 mkopo mwingine wa elimu, wa milioni 500, ulipokaribia kupigiwa kura, wanaharakati na mbunge wa upinzani, Zitto Kabwe, waliiandikia Bodi wakiiomba isubiri. Wapo waliomwita msaliti. Bodi ikasubiri, mkopo ukaja kupitishwa 31 Machi 2020, na Novemba 2021 Serikali ikaruhusu wasichana hao kurudi darasani. Mimi nilikuwa upande wa wasichana na sijutii. Lakini naiona tofauti. Bodi hiyohiyo inaweza kuisimamisha nchi maskini kwa miezi, ikaipekua sera yake ya shule kifungu kwa kifungu, na hilo likaitwa uwajibikaji. Mteule wa nchi kubwa anapita kwa siku 15, na hilo linaitwa maelewano.

Tena kwenye jambo hili mna nguvu kuliko mnavyojionyesha. Kura ya turufu ya Marekani, nchi yenye takriban asilimia 16 ya kura, iko kwenye kubadili Mkataba, ambako panahitajika asilimia 85. Kumchagua Rais hakuko hivyo. Mkataba unawapa Wakurugenzi Watendaji kazi hiyo na wingi wa kura unatosha. Kwamba Benki ni ya Mmarekani na Shirika la Fedha la Kimataifa ni la Mzungu wa Ulaya ni mapatano yasiyoandikwa ya enzi za vita kuu ya pili. Najua viti vyenu vitatu vikijumlishwa havifikii hata nusu ya kura za Marekani. Siwaambii mtashinda. Mwaka 2012 Angola, Nigeria na Afrika Kusini zilimsimamisha Ngozi Okonjo-Iweala, waziri wa fedha ambaye alikuwa amefanya kazi ndani ya Benki kwa miongo, dhidi ya Jim Yong Kim wa Marekani. Alishindwa. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 1946 mteule wa Marekani alilazimika kushindana na mtu, na leo Okonjo-Iweala anaongoza Shirika la Biashara Duniani. Kilichoniuma mwaka ule ni tangazo la Bodi: lilisema tu kwamba wagombea walipata kuungwa mkono na nchi mbalimbali. Mtanzania hakuambiwa kiti chake kilikwenda wapi.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Tarehe 29 Mei 2025, Abidjan, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilimchagua Sidi Ould Tah wa Mauritania. Wagombea walikuwa 5, raundi zikapigwa 3, na mshindi alitakiwa apate wingi wa kura zote na pia wingi wa kura za Waafrika wenyewe. Akapata asilimia 76.18, na dunia ikajua siku hiyohiyo. Benki yetu hiyo ina matatizo yake mengi, lakini kwa kuchagua kiongozi inaweza kuwafundisha majirani wa Washington.

Ninachoomba basi si mapinduzi. Waambieni mawaziri wa fedha huko nyumbani wafunge midomo hadi dirisha lifungwe; nchi inayotangaza kuunga mkono kabla ya kujua wagombea ni wangapi imeuza swali lake bure. Kanuni ambazo Bodi yenyewe ilijiwekea 2011, za uteuzi wa wazi unaozingatia sifa, zisiishie kuwa picha ya mteule akipeana mikono na mawaziri. Mkiwa na mtu wenu, mleteni, hata kama atashindwa. Mteule akiwa ametoka kwenye siasa, mwandikieni maswali, na majibu yake yachapishwe. Na mkiwa na mashaka, msiyafiche ndani ya kauli moja. Jizuieni, iandikwe kwamba mmejizuia, na sababu ziandikwe pia.

Kama muda utatosha kwa swali moja tu, naomba liwe hili: katika kazi uliyotoka, ni makadirio gani uliyoyatoa hadharani yakaja kuonekana si kweli, na nani aliyelipa tofauti yake? Jibu lipelekwe Dodoma, Nairobi, Kampala, Kigali na Gitega kabla ya siku ya kura, kwa lugha ambayo watu wa huko wanaisoma.

Wenu,
Mwandishi na mlipa kodi, Dar es Salaam